Mahema ya Afande

Mume wangu alistaafu upolisi akiwa na afya njema, meno yake yote, na hamu ya kuamrisha ambayo haikupungua hata chembe. Tatizo likawa hana wa kumwamrisha. Watoto wetu wanne walikwisha oa na kuolewa wakaenda zao, paka alikuwa wa jirani, na mimi nilikwisha kataa mapema, mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa hiyo akageukia nyanya.

Sisemi aligeukia kilimo. Kilimo ni kazi ya heshima, hufanywa na watu wenye shamba. Sisi tulikuwa na ua wa saruji huku Kyebando, Kampala, nyuma ya nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ua ambao mwenye nyumba alitukabidhi kwa maneno matatu tu: hapa mtaanika nguo. Afande akaanza kuleta madumu. Namwita Afande akinikera, na kwa hiyo watu wengi wanadhani ndilo jina lake. Yalikuwa madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, akayakata vichwa, akayatoboa matundu chini, akajaza udongo na samadi ya kuku, akapanda mche mmoja kila dumu. Akayapanga mistari mitatu, manne manne. Ukisimama mlangoni unaona gwaride. Kila asubuhi alipita katikati ya mistari, mikono nyuma, akiutazama kila mche kwa zamu yake. Siku moja nilimsikia anauambia mmoja, "Wewe, simama sawa." Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Ningemwacha na wazimu wake. Kila mstaafu ana wa kwake, na afadhali nyanya kuliko pombe ya waragi. Lakini nyanya zile zilikuja na sharti, na sharti lile ndilo lililoninyima usingizi.

Yeye ni mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mimi ni mjukuu wa watu waliokuja na bidhaa kutoka pwani wakasahau kurudi. Nimezaliwa Kampala, mama yangu kazaliwa Kampala, na shamba nimeliona kupitia dirisha la basi. Tulikutana Nsambya, kwenye nyumba za polisi, ambako shangazi yangu alikuwa akiuza maandazi. Askari mmoja mrefu alikuja kununua mawili akabaki maisha yote. Lugha yetu ikawa Kiswahili: changu cha nyumbani, chake cha kambini, kile ambacho hata "nakupenda" inatoka kama amri ya kugeuka kulia. Sasa siku aliyorudisha sare yake, mtu huyu alikaa kitandani, akavua viatu, akaniambia:

"Mama, mimi sasa narudi kwetu. Mwanaume hapana zeeka kwa nyumba ya kupanga."

"Nenda salama," nikamwambia.

"Na wewe pamoja."

Loh! Hapo vita vikaanza. Kwao nimekwenda mara tatu, zote misiba. Ni watu wema, sina ugomvi nao. Lakini msikiti uko mbali, daktari wangu wa macho yuko Nsambya, wateja wangu wa ushonaji wako hapa, dada yangu yuko Bukoto, na makaburi ya wazazi wangu yako hapa. Nilimwambia yote haya nikilia. Halafu nikamwambia yote tena nikitukana. Tukavutana miezi. Mwishowe Afande, aliyetoa ushahidi mahakamani mara nyingi kuliko ilivyoifaa ndoa yake, akaja na hukumu. Mtu, alisema, ana haki ya kuzeeka pale ambapo udongo unamlisha. Basi ua huu utupe nyanya. Si nyanya za msimu wa kila mtu, bali za wakati wa mvua kubwa, ambapo hata za wenye mashamba huoza. Zikivuka mpaka Iddi, Kampala imetukubali, tunabaki. Zikifa, baada ya Iddi tunafunga mizigo, kwa kuwa kwao ndio wakati wa kuanza kupanda.

Nikakubali palepale, haraka, kama mjinga. Ndipo nikaenda kuuliza. Mama anayeuza nyanya pale senta, kwenye maduka, mtu aliyeshika nyanya nyingi kuliko mimi nilivyoshika sindano, alinitazama kwa huruma. "Nyanya kwenye mvua za Machi? Banange, nnyabo!" Yaani kwa Kiganda, jamani, mama! Akanieleza: mvua inapiga udongo, udongo unarukia majani, majani yanaingia ukungu, yanakuwa meusi, na baada ya wiki mbili una vijiti. Kwa hiyo maisha yangu yote ya mjini yalikuwa yamening'inia kwenye mmea dhaifu kuliko yote aliyoiumba Mola.

Kuanzia hapo nikaishi maisha mawili. Mbele yake niliendelea kuzicheka nyanya zake, maana ningeacha ghafla angeshtuka. Akienda misa, nilitoka mbio na kopo, nikachuma majani ya manjano, nikaua wadudu kwa kucha, nikazisomea na Ayatul Kursi. Mkatoliki hakujua kwamba nyanya zake zilikuwa chini ya ulinzi wa Kiislamu.

Mvua zilipokaribia, akajenga mahema. Kila dumu na hema lake. Alichukua mabomba membamba ya plastiki, ya maji, akayakunja upinde, miguu akaisokomeza pembeni mwa dumu, pinde mbili zikipishana juu. Juu yake akavuta nailoni safi, ile tunayoita kavera, akaikaza chini kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Ukifungua mpira, unaiviringisha nailoni juu, mche unapata hewa. Ukifunga, hata tone haliingii. Mwenye nyumba alikuja kutazama, akashika kiuno. "Nnyabo," akaninong'oneza, "hawa wagonjwa watalazwa mpaka lini?" Nikamwambia daktari hajasema.

Na sheria nazo zikaja, zimeandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi la sabuni, zikabandikwa mlangoni. Maji chini kwenye udongo, marufuku kwenye majani. Saa kumi na mbili jioni funga, kwa sababu mvua yetu hupenda usiku na alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi fungua. Hiyo ya asubuhi aliipigia mistari miwili chini. Nilimwuliza kama nyanya zitapuliziwa tarumbeta au zitaamka zenyewe. Mchana alizitikisa maua kwa kidole, shada kwa shada, taratibu, eti humo hemani upepo hauzisaidii. Mwanamume huyo tangu anioe hajawahi kunitikisia hata mto.

Na zikakubali, hilo ndilo lililoudhi. Mvua ikaja ya kwelikweli, mpaka ya mawe ikaja siku moja ikapasua vigae vya jirani. Miche ya jirani ikawa myeusi. Yetu ikakaa hemani, mikavu, minene, ikatoa maua, ikatoa vitunda vya kijani, halafu kimoja kikaanza kupata rangi. Nilikiona mimi kwanza. Nikaingia ndani nikasujudu, nikatoka nikamwambia, "Hicho kidude chako kimepata homa ya manjano."

Ramadhani ilikuwa imefika nusu Afande aliposema anakwenda kwao siku saba. Atafungua nyumba yake, ataangalia shamba, atasalimia ndugu. "Kama nyanya nakufa, mahali iko tayari," alisema. Nikamwuliza nani atalinda hospitali. Akanikabidhi mimi. Alinitembeza mstari kwa mstari, akinionyesha kila mche una matunda mangapi, na mimi nikiitikia kwa unyenyekevu ambao ungemshtua askari yeyote aliye macho. Jumapili baada ya misa akapanda basi.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa sajini. Nilikula daku, nikaswali alfajiri, nikakaa mlangoni na tasbihi kungoja saa kumi na mbili. Nilifungua mahema yote kumi na mawili, nikafunga jioni, nikatikisa na maua. Mtu anayetaka kubaki mjini hafanyi mchezo.

Alhamisi, baada ya swala, mvua ikawa inanyesha. Ile mvua ya polepole juu ya bati ambayo ni kama mtu anakufunika shuka. Tumbo limejaa wali wa daku, macho mazito. Nikajiambia, na sheria iko upande wangu, kwamba hema halifunguliwi mvua ikinyesha. Ngoja nijinyooshe kidogo mpaka ikatike.

Nilipofumbua macho, chumba kilikuwa cheupe. Saa ilikuwa tano kasoro robo. Mvua ilikatika zamani, na lile jua la Kampala la baada ya mvua, lisilo na adabu, lilikuwa limesimama katikati ya ua. Nilitoka bila mtandio, bila viatu. Nailoni zote zilikuwa zimejaa majasho kwa ndani, maji yanatiririka kama kwenye mfuniko wa sufuria. Nikafungua mpira wa hema la kwanza, mvuke ukanipiga usoni. Harufu ya mchuzi. Na mimi nimefunga!

Majani yalikuwa yamelala, laini, yameiva kabisa. Yaliyogusa nailoni yalibaki yameganda pale. Matunda yalikuwa na mabaka meupe, ukiyabonyeza yanabonyea. Nikakimbia la pili, la tatu, la nne. Mitatu iliyokuwa kwenye kivuli cha ukuta ilisalimika. Tisa niliipika mimi mwenyewe, bila chumvi. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia kwa sauti, kilio cha msiba, mpaka mwenye nyumba akatoa kichwa dirishani kuuliza nani amekufa. "Mimi," nikamwambia.

Mtu mwenye akili angempigia mumewe simu akakiri. Mimi nilimaliza kulia, nikanawa uso, nikaanza kufikiri kama mwizi, na kumbe ni rahisi sana ukishaanza. Ijumaa asubuhi nilikwenda Bukoto kwa yule anayeuza miche kando ya barabara. Alikuwa na nyanya ndefu, za kimo kilekile, kwenye vifuko vyeusi. Nikachukua tisa. Tatizo hazikuwa na tunda hata moja. "Mwezi ujao, nnyabo," alisema, kwa furaha ya mtu asiyekuwa na mume. Mwezi ujao mimi ningekuwa kaskazini, ninateka maji.

Lakini mimi ni fundi cherehani. Miaka yote hii nimegeuza magauni ya watu wanene kuwa ya watu wembamba, na suruali za marehemu kuwa za vijana. Nilipita sokoni nikachagua nyanya zenye vikonyo, za kijani na zilizoanza kushika rangi, moja moja, mpaka muuzaji akaniuliza kama ninachagua mchumba. Nikarudi, nikang'oa maiti, nikapanda wageni kwenye madumu, nikaketi kigodani na uzi wa kijani. Nikaanza kuzifunga. Mche huu manne, huu matatu, kama alivyonionyesha. Nilishona nyanya, jamani, nikiwa nimefunga, siku ya Ijumaa. Na nisiwe mwongo, nilijiona hodari. Ukisimama hatua tano hujui. Yeye atakuja Jumapili jioni, kuna giza, macho yenyewe ya mzee, na asubuhi yake nitajua la kusema.

Nilikuwa na uzi mdomoni, nimeinamia mche wa mwisho, lango likalia. Afande huyo hapo. Siku mbili kabla, jua kali la alasiri, begi begani.

Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gwaride. Nilisimama pembeni na sindano ngumini, nikiandaa uongo wa aina tatu na chozi moja la akiba. Akapita mstari wa kwanza, mikono nyuma. Akapita wa pili. Kwenye mche wa tatu wa mstari huo akasimama, akainua nyanya kwa kiganja. Ilikuwa ile niliyofunga kwa haraka, uzi umebaki na mkia mrefu kama kidole. Aliutazama mkia ule. Mtu huyu aliwahi kumkamata mwizi kwa tope la kiatu.

"Nakomaa vizuri," akasema.

Akaenda kwa inayofuata. "Hii pia." Akaenda mpaka mwisho wa mstari, anashika, anaachia, nyanya zinapepesuka kwenye nyuzi zao. Halafu akageuka kunitazama. "Basi. Mvua nashindwa. Tunabaki Kampala."

Iddi ilikuwa bado. Ningetakiwa kupiga vigelegele mpaka Bukoto wasikie. Badala yake nikaingiwa na hofu, hofu ya kweli.

"Afande, umeziona vizuri?"

"Naona."

"Umeuona uzi?"

"Hakuna uzi."

Nikamvua begi begani, maana alikuwa amelisahau. Nikamwekea kigoda changu. Nikamwuliza kama huko wazima. Akasema wazima wote. Nikamwuliza shamba. Akavua kofia, akaiweka gotini, na ndipo nilipoona jinsi alivyochoka. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo silifanyi ovyo.

Akaniambia. Ndugu zake wamelima mpaka mlangoni mwa nyumba yake. Ufuta na mihogo, mizuri sana, alisema, kazi safi. Ndani anakaa mtoto wa kaka yake na mkewe, wana mtoto mchanga. Hakuna aliyemgombeza, na hakuna aliyemkosea adabu. Walimtolea kiti kile kizuri, wakakiweka barazani. Walimchinjia kuku kila siku. Waliwaita majirani waje kumsalimia mgeni kutoka Kampala.

"Nyinyi Waswahili nasema namna gani?" akaniuliza. "Mgeni siku mbili."

"Siku ya tatu mpe jembe," nikamalizia.

"Eh. Mimi nangojea hiyo siku ya tatu. Nasema, leo watanipa. Hapana. Mimi mwenyewe naomba. Nasema, ndugu yangu, leta jembe, mimi nalima na nyinyi. Anacheka. Anasema, wewe kaa, kula, mgeni wetu hapana lima." Akaipangusa kofia vumbi ambalo halikuwapo. "Kwa shamba ya baba yangu, mama. Hata jembe wananyima."

Basi nilikuwa nimeshinda. Msikiti wangu, dada yangu, wateja wangu, makaburi yangu, vyote vimebaki, na nilivipata kwa uzi wa kijani. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitamani kupanda basi saa ileile niende nikawatukane mmoja mmoja, mimi nisiyetaka hata kuonja maji yao, niwaambie huyu si mgeni wa mtu. Nikalia. Nikamwambia nyanya zake tisa niliziua mimi, nililala, na hizi ni za sokoni.

"Najua," akasema. "Nyanya hapana kuwa na fundo."

Tukakaa. Mwenye nyumba akapita na beseni lake la nguo, akatutazama, akaona afadhali aanike baadaye. Afande akanyoosha mkono, akafungua nyanya moja, polepole, akanirudishia uzi wangu.

"Watoto wakiuliza," akasema, "wewe waambie tunabaki kwa sababu ya nyanya."

Walipiga simu siku ya Iddi, wote wanne, mmoja baada ya mwingine, kututakia heri na kuuliza safari ya kuhama iko lini. Nikawaambia baba yenu haendi popote, ameshikwa na nyanya zake za madumu, hawezi kuziacha. Walicheka sana. Wakasema mzee amezeeka kweli, anaacha ardhi ya ukoo kwa ajili ya madumu. Yeye alikuwa amekaa palepale karibu yangu anasikia, na nikacheka nao mpaka mwisho, kwa sababu ningenyamaza wangejua.